Sombe Niliyopeleka Matangani

Sehemu ya tano

Mlioniacha wiki iliyopita kwenye mlango wa labo, kikopo kitupu mkononi na mkojo umekataa kutoka, nisameheni kwa kuwasimamisha pale. Hata mimi nilisimama sana.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Bibiane, ni muuguzi hapa Bunia. Mama yangu, Mama Bernadette, nilitoka naye Djugu tukikimbia vita, na sasa saratani imemwingia kwenye mifupa. Morphine ikiwepo, anapata. Ikikosekana, analia mpaka jirani anazima redio yake. Na hukosekana mara nyingi kuliko inavyopatikana.

Binamu yangu Didier, mchuuzi wa samaki wa Mahagi-Port, ndiye aliyeniletea majani ya bangi chini ya kapu la samaki wakavu. Niliyatwanga, nikayachemsha ndani ya mawese, nikawa nampa mama kijiko asubuhi na jioni. Mama akalala usingizi wa kweli. Nami nikajiona daktari.

Kisha Bwana Gérard, mkuu wa wauguzi, ambaye sote tunamwita DN, akatangaza kwamba wauguzi wote tutapimwa mkojo. Atakayekutwa na bangi anaondoka kazini. Ndipo tulipoishia.

Tulikuwa foleni nzima kwenye korido, wanaume kwa wanawake, kila mtu na kikopo chake. Fiston wa pavilioni ya upasuaji, ambaye mdomo wake haujawahi kulala, akauliza mbele ya wote.

"Papa DN, ku redio banasema ngambo ya ziwa iko batu benye ruhusa ya kulima bangi ya dawa. Na Bazungu banauza mu pharmacie. Siye tunapimwa juu ya nini?"

Gérard hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Fiston, siku Kinshasa itaruhusu, utaniletea gazeti na nitasoma. Lakini hata siku iyo, hapa kwangu mutu anayeshika sindano hatashika bangi. Mugonjwa hachague nani atamuchoma."

"Na kama ni ya mugonjwa wa nyumbani? Mutu wa jamaa?"

"Nyumbani, njiani, kanisani, yote ni moja. Ukipatikana nayo, ao ukimupa mutu, unaenda. Mulisaini wote."

Fiston alikuwa ameuliza swali langu bila kujua. Nilitazama viatu vyangu. Kila nilipopika mafuta ya mama nilikuwa naonja tone moja kwa ncha ya kidole, kwa sababu muuguzi hampi mgonjwa kitu asichokijua. Sasa nilikuwa najiuliza tone linakaa mwilini muda gani. Shuleni hawakutufundisha.

Nyuma yangu alisimama Clémence.

Huyu Clémence tulisoma pamoja tangu ITM, shule ya uuguzi. Anaongoza kwaya kanisani kwake. Harusini wenzake wakinywa bia, yeye anaomba Fanta, na Fanta yenyewe haimalizi. Alikuwa amerudi kazini asubuhi ile baada ya kumzika baba mkwe wake katika mtaa wa Lumumba.

Nikampisha, nikamsukuma kidogo mgongoni.

"Anza weye, dada. Miye tumbo iko inanisumbua."

Akacheka. "Weye muuguzi muzima unaogopa kikopo?"

Akaingia. Nilimtanguliza ili nipate muda wa kunywa maji, mengi, na kuomba. Mungu aliyenisikia siku ile sijui alikuwa anamsikiliza nani mwingine.

Majibu yalitoka kabla ya chakula cha mchana. Gérard alituita mmoja mmoja ofisini kwake. Zamu yangu ilipofika niliingia.

"Bibiane. Négatif. Rudi ku kazi."

Nilitoka nikamshukuru Mungu kwa sauti pale koridoni, nikamkumbatia mfagiaji ambaye hata huwa hatusalimiani. Nilifurahi kabisa. Naomba muikumbuke furaha ile, kwa maana katika yote niliyofanya ndiyo inayonichoma kuliko mengine.

Maana nilikuwa bado nacheka Clémence alipotoka ofisini bila blouse yake nyeupe ya kazi. Alikuwa ameikunja na kuiacha mezani kwa Gérard, kama alivyoamriwa.

"Banasema niko positif," aliniambia.

"Positif ya nini?"

"Ya bangi. Miye, Bibiane! Miye!"

Alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Nikamshika mabega. Nilidhani kweli mashine imekosea, nawaapia. Wakati ule nilikuwa bado mtu mwema.

"Sijavuta hata sigara. Weye unanijua."

"Ninakujua."

"Basi ingia, umwambie!"

Niliingia. Nilisema yote mazuri ninayoyajua kuhusu Clémence, na ni mengi. Gérard alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Bibiane, na miye nilishituka. Tulirudilia teste. Positif mara tena. Kesho kutwa comité ya discipline inakaa. Kama hana maelezo, ataenda."

Nilirudi pavilioni nikiwa na hasira ya haki. Nikamkuta Fiston anasimulia, na watu wamemzunguka.

"Njo maana Clémence ku matanga alikuwa anacheka! Nilifika chakula imeisha, lakini niliona. Mujane mwenyewe, mama mukwe wake, alicheka mupaka akashika tumbo. Tulisema ni huzuni imemupanda ku kichwa. Pasta naye alikuwa anatafuta sombe ingine, anakwangua sufuria na kijiko!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimefikia neno sombe, sikusonga mbele.

Desturi yetu mnaijua. Mwenzenu akifiwa, kila mmoja wa kazini anapika chungu kimoja na kukipeleka. Mwenye kuleta hakai kula, kwa sababu chakula ni cha wafiwa. Basi sisi wauguzi tulifika, tukawapa mashangazi vyungu, tukalia kidogo, tukarudi kwenye zamu. Elodie alipeleka maharagwe. Wengine walipeleka mchele, kuku, ndizi. Sombe, majani ya muhogo, ilipelekwa na mtu mmoja tu.

Nilimwomba mwenzangu anishikie wagonjwa. Nikapanda pikipiki ya motari mpaka nyumbani.

Friji yangu ni ndogo, na umeme ukipenda inafanya kazi. Humo nilikuwa naweka sombe iliyotwangwa ninayonunua sokoni, kwenye mifuko ya plastiki, kila mfuko umefungwa fundo moja. Majani ya mama nayo yalikaa humo humo, yametwangwa pia, kwenye mfuko wa namna ile ile, ila niliufunga mafundo mawili. Kwa rangi huwezi kuvitofautisha. Mimi nilitegemea vidole vyangu.

Nilifungua. Mfuko wa mafundo mawili haukuwepo. Wa sombe, niliodhani nimeupika wote, ulikuwa umekaa nyuma ya chupa ya maji, umetulia.

Nikaketi sakafuni.

Asubuhi ile ya matanga umeme ulikuwa umekatika, mama alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimechelewa. Nilivuta mifuko gizani mwa friji, nikaifungua kwa meno, nikamimina. Nikaongeza mawese, karanga na samaki wa Didier. Harufu? Nyumba yangu ilikuwa imekwisha kuizoea harufu ile, na pua yangu pia. Nilifunika sufuria kwa kitambaa safi na kuibeba kwa heshima zote.

Niliwalisha wafiwa bangi. Mjane, pasta, na rafiki yangu.

"Bibiane?" mama aliita kutoka chumbani. "Ni weye? Umerudi mbio."

"Nimesahau kitu, mama."

"Dawa imebakia kidogo sana."

"Najua, mama."

Usiku ule nilimpa kijiko cha mwisho. Nilikwangua chupa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisini kwa Gérard. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Njia nzima nilikuwa narudia maneno: Papa DN, ni miye. Ni maneno mepesi, mtoto anaweza kuyatamka. Nilipofika mbele ya meza yake, mdomo wangu ukatoa maneno mengine.

"Papa DN, mutu anaweza kula ile kitu bila kujua?"

Aliniangalia. "Anaweza. Mu chakula inaingia."

"Sasa kama Clémence alikula tu?"

"Basi alete ule alimupikia. Siku iyo iyo Clémence atarudisha blouse yake, na miye mwenyewe nitamuomba pardon. Na ule mupishi, polisi itamungojea ku mlango." Akachukua kalamu. "Unajua mutu?"

Naona bado kalamu aliyoishika. Naona jasho langu juu ya meza yake, alama ya kiganja. Nilifikiri habari ya mama: nani atamgeuza kitandani nikiwa gerezani? Nani atamwosha? Didier na samaki wake? Hayo niliyafikiri, ni kweli. Lakini niseme yote, maana nimeahidi kusema yote: kabla ya kumfikiri mama, nilijifikiri mwenyewe. Niliiona blouse yangu imekunjwa mezani.

"Hapana, Papa DN. Nilikuwa ninauliza tu."

"Sawa. Funga mulango."

Nikaufunga. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi wauguzi tunapenda sana kuwasomea wagonjwa methali hiyo. Sikuwahi kuisoma kwa ajili yangu.

Mchana, nilipokwisha kutoka zamu, Clémence alikuja kwangu nyumbani. Sikumwita. Aliingia bila kubisha, kama anavyoingia siku zote, na mkononi alikuwa na sufuria ndogo yenye mfuniko. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Rémy amelala kwa kaka yake," alisema. Rémy ni mume wake. "Anasema atarudi nikisema kweli. Kweli gani? Na pasta amenitumia ujumbe, nikae kwanza, nisiimbe. Pasta, Bibiane! Alikuwa anakula na siye!"

Nilimpa kiti. Nilimpa maji. Mikono yangu inajua kazi hata moyo ukiwa haupo.

"Unajua nini imeniuma zaidi? Mutoto wangu Ketsia. Kisha matanga alilala siku nzima. Ninamuita, anafungua macho, anayafunga. Nilisema ni machozi ya babu yake imemuchokesha. Sasa niko nafikiri vingine."

Nikavuta kiti changu karibu naye.

"Alikuwa anapumua muzuri?"

"Alipumua."

"Alitapika? Ulimupima moto?"

"Bibiane, iko muzima, anacheza. Lakini juu ya nini unaniuliza vile, na uso kama wa mutu ameona maiti?"

Mtoto wa miaka minne. Mimi ndiye niliyemzalisha mama yake, mimi ndiye niliyemkata kitovu. Nilitamani Clémence anipige. Badala yake alinishika mkono, akaufariji mkono wangu. Yeye ndiye aliyenifariji mimi.

"Usilie, dada. Sikiliza, nimefikiri. Sikuvuta. Basi nilikula. Na siku zile sikupika, nilikula chakula ya batu tu."

Akaweka sufuria mezani.

"Ile sombe, niliweka kidogo pembeni mbele iishe. Unajua sombe iliyolala njo tamu, sote tulikuwa tunaila. Niliichemsha kila asubuhi, hata leo, isiharibike. Jana kisha teste, niliacha kuila. Nimeibakisha iyi. Comité ni kesho. Nitaomba bapime iyi sombe mbele yao, halafu nitaenda kwa mashangazi kuuliza nani aliileta. Walipokea vyungu vyote, batakumbuka."

"Batakumbuka," nilisema.

"Kwangu hakuna friji. Na kwa jamaa ya Rémy sitegemee tena mutu, mutu anaweza kuimwaga. Ni weye tu ninaamini. Nichungie mupaka kesho."

Alisukuma sufuria upande wangu. Nikaipokea. Ilikuwa na uvuguvugu bado.

Hebu fikirini. Mtu niliyemchimbia shimo ananiletea jembe nimsaidie kulifukia. Ningeweza kuimwaga chooni usiku na kusema umeme ulikatika, imeoza. Hakuna ambaye angeshangaa, Bunia nzima inajua umeme wetu. Nilianza kulifikiri neno lile huku amekaa mbele yangu, na nilipogundua kwamba ninalifikiri nilijichukia.

"Kikulacho kiko mu nguo yako," alisema Clémence akipangusa macho. "Aliyenifanyia iyi ni mutu wa karibu. Ninaona mutu wa kazi, anataka nafasi yangu. Elodie alileta maharagwe, ile ninajua. Weye ulileta muchele, haiko vile?"

Hapo Mungu alinifungulia mlango, msomaji. Alinifungulia wazi kabisa. Sikutakiwa hata kutafuta maneno. Nilitakiwa kusema hapana.

"Ndiyo," nilisema. "Muchele."

"Nilijua. Ulikuwa muzuri."

Aliutabasamia ule mchele ambao sikuupika. Kisha akainuka kuondoka, akarudi, akafunua sufuria.

"Nusa kwanza. Weye uko na pua nzuri. Haina arufu fulani? Miye nilisema ni samaki."

Mvuke ulipanda kutoka sufuriani, ukajaa chumba. Mara hii niliisikia harufu yote, jani lenyewe, chini ya karanga na mawese. Nikafungua mdomo niseme ni samaki. Samaki wakavu wa Mahagi-Port wananuka vile, kila mtu anajua.

Lakini nyuma ya pazia la chumbani mama aliamka. Tangu kijiko cha mwisho alikuwa hajapata kitu.

"Bibiane! Umeipika? Ninasikia arufu yake. Leta dawa, mutoto yangu, mifupa iko inaniua."

Clémence alibaki na mfuniko mkononi. Aliangalia sufuria. Akaniangalia mimi. Akaangalia pazia.

"Dawa gani?" aliniuliza polepole.

"Anaweweseka," nilisema. "Ni maumivu. Hajui anasema nini."

Clémence ni muuguzi kama mimi, na labda bora. Mgonjwa anayeweweseka anamjua kwa sauti tu, kabla hajamwona. Hakubishana nami. Aliuweka mfuniko mezani, akavuta pazia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mama na kumshika mkono, vidole juu ya mshipa, kama tulivyofundishwa pamoja.

"Mama, ni miye Clémence. Pole sana."

"Ah, mutoto yangu Clémence. Pole na weye ya matanga."

"Asante, mama. Iyo dawa yako, Bibiane anaipikaka na nini?"

Nilisimama mlangoni. Nilimtazama mama usoni, nikatikisa kichwa, nikaweka kidole mdomoni. Nilimwomba kwa macho.

Mama aliniona. Najua aliniona, maana alikunja uso kama mtu asiyeelewa mtoto wake anataka nini. Mama yangu amenifundisha kupika, kusali na kuvumilia, lakini uongo hakuwahi kuujua.

Akalamba midomo yake mikavu, akamgeukia Clémence, akaanza kumjibu.